Ubongo wa Jericho haupimwi kwa picha za Boston

Tumezoea kuwagawa wanafunzi wetu makundi mawili: wa sayansi na wa sanaa. Anayetaka kuuchunguza ubongo huelekezwa maabara. Anayependa kuchora hupelekwa kwingine. Naye anayejishughulisha na lugha na mila za mtaa wake huonekana kama apotezaye wakati. Je, mwanafunzi wa chuo kikuu kutoka Eastlands, Nairobi, anayetaka kuyashika yote matatu amepotoka? Mfano mmoja watosha kuonyesha kwamba hajapotoka.

Mtu aliyepatwa na kiharusi aweza kupoteza uwezo wa kutaja majina ya vitu. Miongoni mwa vipimo vya hali hiyo vinavyojulikana sana ni kile kilichobuniwa Boston, Marekani, chenye michoro 60 ambayo mgonjwa hutakiwa kuitaja. Humo mna nyumba ya barafu ya watu wa Aktiki; mna pia mnyama wa mito ya huko, ajengaye mabwawa kwa miti. Sasa mwonyeshe michoro hiyo nyanya mwenye umri wa miaka 70 mtaani Jericho au Kaloleni. Akinyamaza, tuseme ubongo wake umedhurika, au mchoro haumhusu?

Aidha, nyanya huyo pengine husali kwa Kikamba au Kijaluo, hununua sukuma wiki kwa Kiswahili, na huwasikia wajukuu wakizungumza Sheng. Wataalamu wametambua kwamba lugha moja ya mgonjwa yaweza kurejea kabla ya nyingine. Ukimpima kwa Kiingereza pekee, waweza kuandika ugonjwa usiokuwepo, au usitambue kile alichobakiza.

Kipimo kitakachotufaa chahitaji mtu aujuaye ubongo, awezaye kuchora jiko la makaa likatambulika mara moja, na ajuaye wazee wa mtaa huliitaje na vijana huliitaje. Watakaonipinga watanikumbusha kuwa mshika mbili moja humponyoka. Naam, lakini hapa kazi ni moja. Santiago Ramón y Cajal wa Uhispania, aliyetunukiwa Nobeli mwaka 1906 kwa utafiti wake wa seli za neva, alitamani kuwa mchoraji tangu utotoni, na seli hizo alizichora kwa mkono wake mwenyewe.

Januari 2026, kundi la kwanza la mtaala mpya liliingia Gredi ya 10 na kugawanywa katika mikondo mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Sipingi mikondo, nahofia isije ikawa kuta. Vyuo vikuu navyo vimruhusu mwanafunzi wa tiba kusoma isimu na uchoraji, na kazi aliyoifanya mtaani ihesabiwe kuwa sehemu ya shahada yake. La sivyo, tutaendelea kuwapima wazee wetu kwa picha za mambo wasiyowahi kuyaona, na kuwaita wagonjwa kwa kutoyajua.