Vijana na Kazi: Daktari wa Masikio, Pua na Koo



Ndugu wasomaji, mzazi aulizwapo angependa mwanawe awe nani, mara nyingi hujibu: awe daktari. Akiulizwa tena, daktari wa nini, hunyamaza. Daktari wa moyo twamjua, wa macho twamjua, na wa meno twamjua na twamkimbia. Lakini daktari wa masikio, pua na koo hatumkumbuki mpaka siku mtoto ajitiapo punje ya hindi puani. Mwezi huu twataka kuieleza kazi yake, na tutaieleza kwa khabari ya mtu mmoja aliyeishika umri wake wote, ili kijana aione ilivyo, na mzazi ajue anamtakia mwanawe jambo gani.

Kwanza tuitazame neema yenyewe. Katika Sura ya An-Nahl, aya ya 78, Mwenyezi Mungu anatukumbusha kuwa alitutoa matumboni mwa mama zetu hali hatujui kitu, akatupa kusikia, na kuona, na nyoyo. Kusikia kumetangulizwa. Mtoto hujifunza lugha ya mamake kwa sikio, na Kurani huipokea kwa sikio kutoka kinywani mwa mwalimu wake kabla hajaweza kusoma herufi moja. Mlango huo ukifungwa, elimu yote hupata tabu kuingia.

Wala fani hii si ngeni katika Uislamu. Abul-Qasim Az-Zahrawi, tabibu wa Andalusi aliyefariki karibu na mwaka wa 1013, alitunga kitabu kikubwa kiitwacho At-Tasrif, chenye sehemu 30, na sehemu ya mwisho ni ya upasuaji. Humo ameeleza namna ya kumkalisha mgonjwa akaelekea mwanga wa jua, kuukandamiza ulimi wake kwa chombo, kulivuta findo lililovimba kwa kulabu na kulikata. Ameeleza pia namna ya kutoa kitu kilichoingia sikioni, na vyombo vyake akavichora. Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12, na matabibu wa Ulaya wakakisoma kwa mamia ya miaka.

Sasa tuje kwa mtu wetu. Jina lake ni Samuel Rosen, aliyezaliwa mwaka wa 1897 katika mji wa Syracuse, huko Marekani, kwa wazazi maskini waliohamia nchi hiyo. Alimaliza masomo ya udaktari mwaka wa 1921, kisha akafanya kazi New York katika hospitali ya Mount Sinai. Miaka thelathini ilipita, naye ni daktari wa masikio kama walivyokuwa wengine: akitoa usaha, akipasua mfupa ulio nyuma ya sikio ulipooza, akiwatazama viziwi wakija na kurudi.

Ili khabari yake ifahamike, yatupasa tulijue sikio. Sauti ikiingia hupiga kiwambo, nacho hutikisika kama ngozi ya ngoma. Nyuma yake mna vifupa vitatu vilivyoshikana: nyundo, fuawe na kikuku. Kikuku kimeitwa hivyo kwa kuwa kimefanana na kikuku cha kutilia mguu mpanda farasi. Ndicho kifupa kidogo kuliko vyote mwilini, urefu wake kama milimita tatu tu, na kazi yake ni kuisukuma sauti katika dirisha dogo la sikio la ndani. Kuna maradhi ambayo mfupa huota pembezoni mwa kikuku hata kikakazana kisiweze kutikisika. Hapo mtu huwa kiziwi, na hali kiwambo chake ni kizima na mishipa yake ni mizima.

Kwa maradhi hayo, tangu mwaka wa 1938 palikuwako operesheni ya Dr. Lempert wa New York, ambayo hutoboa dirisha jipya katika mfupa wa sikio la ndani. Wengi iliwafaa, lakini ilikuwa ndefu, na wagonjwa hupatwa na kizunguzungu kikali baada yake. Rosen naye aliifanya.

Katika mwezi wa Aprili, mwaka wa 1952, alikuwa akimpasua mgonjwa aliyetiwa ganzi ya mahali pale tu, yu macho na aweza kusema. Kabla ya kutoboa alikigusa kikuku kwa chombo ahakikishe kuwa kweli kimekazana. Kikuku kikaachia. Mara yule mgonjwa akamwambia kuwa anasikia.

Vijana, hapa ndipo pa kuzingatia. Mtu mwingine angeshukuru bahati akaenda zake. Rosen alijiuliza: jambo lililotokea kwa bahati, je, laweza kufanywa kwa makusudi? Akaenda katika chumba cha maiti, akafanya mazoezi katika masikio ya waliokufa, akajitengenezea vyombo, hata mkono wake ukazoea kukitikisa kifupa cha milimita tatu bila ya kukivunja. Ndipo alipowarudia walio hai, na mwaka wa 1953 akayaandika aliyoyapata. Umri wake ulikuwa umefika miaka 55. Basi asikate tamaa mwenye miaka 25 akidhani amechelewa.

Tena jambo lenyewe halikuwa jipya kabisa. Katika karne ya 19 Kessel wa Ujerumani na Miot wa Ufaransa walikwisha kukitikisa kikuku, lakini wakubwa wa fani waliikataa njia yao, maana zama hizo uchafu ukiingia sikioni waweza kufika kwenye ubongo na kuua, na dawa za kuua vijidudu zilikuwa hazijapatikana. Njia ikazikwa kwa nusu karne. Elimu ina mambo mengi ya namna hii: yaliyoachwa kwa sababu iliyokuwa ya haki wakati wake, na sababu ikiondoka hapana anayerudi kutazama.

Rosen hakuifanya njia yake kuwa siri ya kuchumia mali. Alisafiri nchi nyingi akiwafundisha madaktari wenziwe, na mauti yalimkuta safarini, huko China, mwaka wa 1981. Naye hakudumu kuwa wa mwisho. Vikuku vingi alivyovilegeza vilikazana tena, na mwaka wa 1956 Dr. John Shea wa Memphis akakiondoa kikuku kabisa akatia cha kutengenezwa mahali pake. Njia iliyotokana na hiyo ndiyo inayotumika zaidi hata leo. Ndiyo kazi ya elimu: mtu hujenga ngazi moja, mwingine akaikanyaga kupanda juu zaidi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alifunga safari mpaka Sudan, kwa watu waitwao Wamabaan, karibu na mpaka wa Ethiopia, katika sehemu ambayo tangu mwaka wa 2011 ni ya nchi ya Sudan Kusini. Kundi lake lilikuwa na madaktari mbalimbali, na khabari yao ilipochapishwa mwaka wa 1962 majina ya Dr. El-Mofty na Dr. Satti yaliandikwa pamoja na lake. Waliwapima Wamabaan kusikia kwao. Watu hao waliishi katika utulivu, pasi na mitambo, magari wala bunduki. Wazee wao wakaonekana wanasikia vizuri zaidi kuliko wazee wa umri huo katika miji ya Marekani, na shindikizo la damu yao halikupanda kwa kadiri ya umri. Wataalamu wamesema baadaye kuwa chakula na nasaba huenda pia vilikuwa na sehemu yake. Hata hivyo, kwamba kelele huliharibu sikio hapana shaka tena. Shirika la Afya Duniani limekwisha kuonya kuwa vijana zaidi ya bilioni moja wamo katika khatari ya kupoteza kusikia kwao kwa sababu ya sauti kubwa wanazojitilia masikioni kwa hiari yao.

Huenda msomaji akauliza: mbona mtukuzie mtu asiyekuwa Mwislamu katika gazeti la Waislamu? Jawabu ni kwamba hikima ni kitu kilichompotea muumini, akiiona popote huiokota. Wale wa Ulaya waliposoma kitabu cha Az-Zahrawi hawakuona haya kwa kuwa mwenyewe ni Mwislamu. Aibu si kusoma kwa wengine. Aibu ni kuwa wasomaji tu, karne baada ya karne, tukajifakhari kwa Az-Zahrawi na hali katika wilaya nzima hapana mtoto wetu awezaye kutazama sikio.

Na haja ipo majumbani mwetu. Mtoto hutoka usaha sikioni mwezi baada ya mwezi, akadondoshewa mafuta ya moto au maji ya majani, tukasema yataisha akikua. Hayaishi, kiwambo hutoboka, na pengine maradhi hupanda kichwani. Mwengine chuoni huambiwa mkaidi na mzito wa akili, akapigwa kwa kuwa haitamki herufi kama alivyoitamka mwalimu, kumbe hakuisikia. Shirika hilo hilo la Afya lasema karibu asilimia 60 ya uziwi wa watoto wangeweza kukingwa nao. Basi mwalimu, kabla hujauinua mkono, simama nyuma ya mtoto umwite kwa sauti ya chini. Asipogeuka, mpeleke kwa daktari. Na mama, sikio litokalo usaha lipelekwe hospitali, usilitie kitu.

Kijana atakaye kazi hii ajue njia yake. Akazane skulini katika elimu ya viumbe, kemia na fizikia. Kisha ni miaka mitano ya chuo cha udaktari kwa Tanzania, au sita kwa Kenya, na mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini, ndipo aanze miaka mingine ya fani yenyewe. Ni njia ndefu, na wenzake watakuwa wamekwisha kuoa na kujenga. Kazi yenyewe hutaka mkono usiotetemeka, jicho lenye subira na moyo usioona kinyaa kwa usaha wa mtu. Lakini atakayofika nayo si madogo. Katika hospitali ya Muhimbili, tangu mwaka wa 2017, watoto waliozaliwa hawasikii hupandikizwa ndani ya sikio chombo kinachowafikishia sauti.

Wala tusiwasahau binti zetu. Kila siku twalalamika kuwa mke au dada ametazamwa na daktari mwanamume, na hapo hapo twamwambia binti mwenye akili kuwa skuli yatosha. Daktari mwanamke hatushukiwi kutoka mbinguni. Ni binti wa mtu aliyesomeshwa na babake na mamake, wakavumilia. Mwenye kulalamika na amsomeshe wake.

Mwenye mali na ajue kuwa kumlipia karo yatima mmoja mpaka awe daktari ni sadaka yenye kuendelea. Kila sikio atakalolifungua likasikia adhana, tunataraji yule aliyelipa atakuwa na fungu lake.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuhifadhie kusikia kwetu na kuona kwetu, na awatie vijana wetu hima ya kutafuta elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.