Ufunguo wa Bandari

Ashikaye njia ya Ndia Kuu katika Mji wa Kale wa Mombasa, akaiacha nyuma ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, hafiki mbali kabla ya kuiona Bandari ya Kale. Majahazi yaliyosalia hapo ni machache. Meli kubwa huingia upande wa pili wa kisiwa, Kilindini. Nimepata kuwapeleka wanafunzi wangu mahali hapo, na mmoja akaniuliza: "Mwalimu, kwa nini watu wazima wagombane kwa ajili ya gati na winchi?"

Nilimjibu kwa habari ya forodha iliyokuwa papo hapo tuliposimama. Tarehe 24 Mei 1887, Sultani Barghash bin Said wa Unguja aliwapa William Mackinnon na wenzake utawala wa pwani hii, pamoja na ushuru wa forodha yake, kwa muda wa miaka 50. Mwaka uliofuata wenye mkataba walipata hati ya Malkia wa Uingereza, wakawa kampuni yenye bendera na askari. Miaka 50 haikutimia. Kampuni iliishiwa na fedha, na tarehe 1 Julai 1895 Serikali ya Uingereza ikashika mahali pake. Je, mwenye pwani alirudishiwa mali yake? Hasha! Kampuni ililipwa pauni 250,000 ili iondoke, na katika hizo pauni 200,000 zilitoka katika fedha za Usultani wenyewe. Mwenye nyumba aligharimia ufunguo wa mlango wake, kisha ufunguo ukatiwa katika mfuko wa mtu mwingine.

Mwaka 2023 Halmashauri ya Bandari ya Kenya ilipotangaza kutafuta kampuni za kukodishwa sehemu za bandari za Mombasa na Lamu, makuli na viongozi wengi wa pwani walipiga kelele. Waliitwa wajinga wasiopenda maendeleo. Mimi nasema kelele zile zilikuwa na maana.

Sikatai kwamba wapendao kukodisha wana hoja. Mizigo imepata kulala gatini siku nyingi, na wako watu waliojenga majumba kwa hongo. Lakini hongo ni kosa la mtu, na mtu huweza kushtakiwa na kufukuzwa. Asiyeweza kumwondoa karani mmoja mla rushwa atawezaje kuisimamia kampuni yenye mawakili mia? Mgeni tumwajiri kwa ujuzi wake, tumlipe ujira wake, naye atufundishe kazi. Wala si haya. Kumkabidhi mlango ni jambo jingine.

Tazama Djibouti. Mwaka 2006 iliipa kampuni ya Dubai haki ya kuendesha gati la makasha la Doraleh. Mwaka 2018 ikauvunja mkataba. Wasuluhishi wa London wakaamua mwaka huo huo kwamba mkataba ungali halali. Nchi huru iliambiwa na watu walioketi mbali ni nini iwezalo kufanya katika pwani yake yenyewe.

Dar es Salaam nako, mapatano ya Tanzania na Dubai yaliyopitishwa na Bunge tarehe 10 Juni 2023 yalizusha mabishano makali, na lalamiko kubwa lilikuwa kwamba hayakuonyesha kikomo. Waliolalamika walishutumiwa sana. Hata hivyo, mikataba ilipotiwa sahihi tarehe 22 Oktoba mwaka huo, kikomo kilitajwa: miaka 30.

Miaka 30, ewe msomaji, si muda mfupi. Kijana wa miaka 15 asomaye ukurasa huu atakuwa na miaka 45, pengine na watoto wanaotafuta kazi Kilindini, siku mkataba kama huo utakapokwisha. Waziri aliyeutia sahihi hatakuwapo ofisini kuulizwa. Kwa hiyo nadai kila mkataba wa bandari usomwe hadharani, kwa Kiswahili, kifungu kwa kifungu, kabla ya wino kugusa karatasi. Nao wanaosema kwamba mambo hayo ni mazito mno kwa makuli na wanafunzi watuonyeshe kwanza ni kifungu gani wanachoogopa tukisome.