Dawa ya Deni Si Mtoto

Mtaa wa Frere Town, Kisauni, ulianzishwa mwaka 1875 na wamisionari wa Church Missionary Society ili kuwahifadhi watu waliokombolewa utumwani. Hata hivyo, utumwa wa pwani haukuletwa na majahazi peke yake. Njaa ilipoikumba pwani katikati ya miaka ya 1880, baadhi ya wazazi wa Kimijikenda waliwaweka watoto wao rehani ili wapate nafaka. Walikusudia kuwakomboa baada ya mavuno, lakini wako watoto ambao hawakukombolewa kamwe, wakaishia kuwa watumwa.

Rehani hiyo haijatoweka. Imebadili vazi tu. Wasichana wadogo kutoka vijiji vya ndani vya Kilifi na Kwale huletwa Mombasa kuwa watumishi wa nyumbani. Si kila mmoja wao amefungwa kwa deni. Kifungo huanza pale mzazi anapopokea mshahara wa miezi ijayo kabla mtoto hajashika ufagio. Tangu siku hiyo, mtoto hulipa kwa jasho lake deni ambalo hakulikopa.

Wazazi wana hoja zao, nazo hazifai kubezwa. Husema kwamba samaki hukunjwa angali mbichi, hivyo kazi ni sehemu ya malezi. Husema pia kuwa mtoto yuko kwa jamaa, anakula na kulala vyema kuliko nyumbani. Aidha, ingawa karo ya shule za msingi za umma iliondolewa mwaka 2003, sare na chakula bado vyahitaji fedha.

Hoja hizo zapimwa kwa swali moja: je, mtoto akitaka kurudi nyumbani kesho, ataruhusiwa? Kazi ya malezi haina deni nyuma yake. Ikiwa hawezi kuondoka mpaka fedha zirejeshwe, huyo hakupelekwa kulelewa, bali amewekwa rehani, hata kama mwenye nyumba ni shangazi yake.

Kifungu cha 53 cha Katiba ya mwaka 2010 kinamlinda mtoto dhidi ya kazi za unyonyaji, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka mzazi ampeleke shule. Lakini kumwadhibu mzazi fukara peke yake ni kukata tawi na kuuacha mzizi. Mwajiri anayetanguliza fedha anajua fika anachokinunua. Machifu na wazee wa mitaa wanapoletewa kesi kama hizi, yafaa washike kanuni moja: mtoto arudi nyumbani leo, na deni libaki baina ya watu wazima walioafikiana.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema alipwe mtoto.