Kifusi cha Diani si taka

Ukipita barabara ya ufuoni Diani siku hizi, mlio wa tingatinga unashindana na mlio wa mawimbi. Majumba na hoteli za zamani zinabomolewa na mahali pake zinapanda ghorofa za vyumba vya kukodisha. Juzi nilisimama kwenye geti la jumba moja lililokuwa likiangushwa. Milango, madirisha, masinki na mabati vilikuwa vishatolewa mapema, maana vitu hivyo vina soko Ukunda. Kuta zilipoanguka hakuna aliyesogea. Mawe yalivunjikavunjika, yakazolewa pamoja na vigae, nyaya na vipande vya zege. Nikamuuliza dereva anakwenda kumwaga wapi. Akanijibu, "Popote penye shimo, mzee."

Kabla sijaondoka, lori la pili likaingia geti lilo hilo. Lilikuwa limepakia mawe mapya kutoka matimbo ya Tiwi.

Ndugu msomaji, tunalitupa jiwe asubuhi na jioni tunalinunua jiwe la aina ile ile. Wataalamu wana jina la dawa ya ugonjwa huu. Wanaiita uchumi rejelevu, yaani mali ikae kazini muda mrefu kadiri iwezekanavyo kabla ya kuitwa taka. Jina ni geni, lakini jambo lenyewe tulikuwa nalo sisi Wapwani.

Tazama Msikiti wa Kongo pale mto unapoingia baharini. Umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, umesimama karne nyingi, na mpaka leo watu wanasali ndani yake. Siri iko kwenye chokaa. Ni laini kuliko jiwe, hivyo ukuta ukibomolewa, kiungo huachia na jiwe hutoka zima. Saruji kali hufanya kinyume chake: hulishika jiwe la matumbawe kwa nguvu mpaka jiwe linapasuka kabla ya kiungo kuachia. Kwa hiyo siku fundi anapokoroga mchanganyiko wake ndiyo siku anayoamua kama jiwe hilo litajenga nyumba moja au tatu.

Nilipokuwa mdogo Msambweni, niliona nyumba ya babu ikibomolewa ili ijengwe kubwa zaidi. Fundi mwashi alikuja na patasi na nyundo ndogo, na ukuta ukashuka jiwe moja moja. Sisi watoto tulikuwa tukiyapanga mawe chini ya mwembe. Chokaa iliyokwanguliwa ilijaziwa sakafuni. Boriti nzima zilirudi darini, zilizoliwa na mchwa zikawa kuni, na makuti makuukuu yakaenda kuozea shambani. Kilichobaki cha kutupwa hakikujaza karai mbili. Hakuna aliyesema tunahifadhi mazingira. Babu alikuwa anaokoa pesa zake, na pia alikuwa akiogopa israfu.

Hata dini inatufunza hivyo. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamesema kuwa mabaki ya msikiti uliobomoka ni mali ya wakfu: huhifadhiwa, au hujengewa msikiti mwingine. Kama jiwe la msikiti lina haki hiyo, sioni kwa nini jiwe la nyumba litupwe kwenye mikoko.

Najua majibu yatakayokuja. Chokaa hukauka polepole, na mwekezaji mwenye mkopo wa benki hawezi kusubiri. Ghorofa nne haisimami kwa chokaa. Ni kweli, na nguzo, slabu na tangi la maji viacheni na saruji yake. Lakini nyumba ya chini ya kawaida haihitaji kiungo kikali kuliko jiwe. Mafundi wanaujua mchanganyiko wa sehemu moja ya saruji, mbili za chokaa na tisa za mchanga. Unatosha kwa kuta nyingi za namna hiyo, na kesho ukuta utafunguka bila kuua mawe. Mawe yatakayovunjika hata hivyo yapondwe yajaze msingi na sakafu.

Wengine watauliza juu ya vijana wanaokula kwa kukata mawe kwenye matimbo. Swali hilo ni la haki. Jibu langu ni kwamba tingatinga moja huangusha nyumba kwa siku moja na kumlipa dereva mmoja, ilhali kuibomoa kwa mkono ni kazi ya vijana kumi kwa wiki nzima. Tena mashimo ya matimbo hayatazidi kutanuka na kujaa maji ya masika. Mzazi anayeishi karibu nayo anaijua hofu yake.

Mfano wa kubadilika tunao hapa hapa. Gazi na Makongeni, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza 2013, wanalinda hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya kaboni, na mapato yanasaidia maji na shule. Hawakuishia kumkataza mtu kukata boriti. Walipanda pia mivinje ili mjenzi apate nguzo kwengine. Katazo lililokuja na mbadala limedumu.

Kaunti ya Kwale ifanye vivyo hivyo kwa mawe. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inazitaka kaunti ziwe na vituo vya kuchambulia taka. Kituo chetu kiwe na yadi ya vifaa vya ujenzi, moja Ukunda na moja Msambweni. Kibali cha kubomoa kisitolewe mpaka mwenye jengo aonyeshe nini kitatolewa kizima na kifusi kitakwenda wapi. Vyuo vya ufundi viwaite wazee wa chokaa wafundishe wakiwa bado hai. Na kaunti yenyewe, inapojenga darasa la chekechea au ua wa zahanati, iandike kwenye zabuni kwamba mawe yaliyokwishatumika yanakubalika.

Tahadhari moja: si kila kitu kinarudi kazini. Mapaa ya zamani ya asbesto ni sumu kwa mapafu. Yasikatwe, yasiuzwe, yasiezekewe hata banda la kuku. Hayo yana wataalamu wake wenye leseni.

Kwa mengine yote, wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Wewe unayetaka kubomoa mwezi huu, kabla hujamwita mwenye tingatinga, mwite kwanza fundi mwenye patasi na umuulize bei yake.