Aliyedhulumiwa Hakopeshwi

Usiku wa kuamkia Machi 15, mwaka 2019, kimbunga Idai kiliuvamia Beira, mji wa bandari nchini Msumbiji. Watu zaidi ya 600 walipoteza maisha nchini humo, na zaidi ya hekta 700,000 za mazao ziliangamia zikiwa karibu kuvunwa. Mwezi uliofuata Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinisha dola milioni 118 za dharura kwa Msumbiji. Fedha hizo hazikuwa msaada wala fidia. Zilikuwa mkopo.

Watetezi wa utaratibu huo husema kwamba mkopo ule haukuwa na riba. Hicho ni kiini macho. Deni lisilo na riba ni deni vile vile, na hulipwa kwa jasho la mkulima yule yule aliyepoteza shamba. Bara zima la Afrika hutoa chini ya asilimia 4 ya hewa chafu inayoipasha dunia joto. Viwanda vilivyolimbikiza hewa hiyo kwa zaidi ya miaka 150 vilizitajirisha nchi za Ulaya na Marekani, ambazo ndizo zenye kura nyingi katika Shirika hilo. Iweje basi aliyebomolewa nyumba akopeshwe na aliyeibomoa, kisha atakiwe kushukuru?

Mwaka 2009, mjini Copenhagen, mataifa tajiri yaliahidi kwamba ifikapo 2020 yangetoa dola bilioni 100 kila mwaka. Kiwango hicho kilifikiwa kwa mara ya kwanza mwaka 2022, na sehemu kubwa ya fedha za serikali zilizohesabiwa ilikuwa mikopo. Mfuko wa hasara na uharibifu, uliokubaliwa mwaka huo huo huko Sharm el-Sheikh, haulazimishi taifa lolote kuchangia. Haki imegeuzwa sadaka.

Lakini kudai haki nje na kuikanyaga nyumbani ni unafiki. Fedha za kuta za bahari na mifereji zikiishia kulinda hoteli na majumba ya wenye nacho, huku wakazi wa mabondeni wakihamishwa bila kuulizwa, ubeberu utakuwa umebadili rangi tu. Wajibu wa mtumishi wa umma ni kuwasikiliza wananchi kabla ya kupanga, na kuwasomea hadharani hesabu ya kila shilingi. Wajibu wa mwalimu ni kuwafundisha vijana kutofautisha msaada, fidia na mkopo. Taifa lisiloijua tofauti hiyo litaendelea kutia saini madeni ya maafa ambayo halikuyasababisha.