Wifi, Mozart Sitamtuma

Clarkston, Georgia

Wifi yangu, nawe Mama, na nyote mtakaosomewa barua hii pale barazani Tanga.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa ndiyo natoka kazini usiku, mara ya pili nimekaa jikoni na chai yangu. Unasema mimba imeingia mwezi wa saba, kliniki wanasema mtoto anacheza vizuri, na wenzako wa kundi la WhatsApp wamekushauri uniagize zile video za Mozart za watoto wachanga, pamoja na kishikwambi cha kuzitazamia, maana watoto wa huku eti huanza kusomeshwa wangali kwenye nepi. Nilicheka. Kisha nikanyamaza, kwa sababu mwanangu wa kwanza alipokuwa na miezi tisa mimi mwenyewe nilimwashia.

Niseme ukweli wote. Baba yake alikuwa akitoka alfajiri, mimi naingia kazini jioni. Hapakuwa na bibi, hapakuwa na shangazi, hapakuwa hata na mtoto wa jirani wa kumpakata kidogo. Jirani yangu mmoja, mama wa Bukavu (hapa Clarkston Wakongo wamejaa, Kiswahili utakisikia mpaka kituo cha basi), akaniletea boksi la DVD kuukuu za Baby Einstein. Ukiwasha, unaona vitu vya kuchezea vinazunguka polepole, mwanasesere wa mkononi anachungulia na kujificha, na chini yake muziki wa Mozart umelainishwa kama vikengele. Mtoto akatulia kimya. Nikasonga ugali, nikaoga, nikasali. Dakika 25! Mama aliye peke yake ugenini anajua thamani ya dakika hizo.

Biashara yenyewe, kumbe, ilizaliwa jimbo hilihili. Julie Aigner-Clark, mama aliyewahi kuwa mwalimu, alianza miaka ya 1990 kurekodi video hizo nyumbani kwake Alpharetta, kaskazini ya Atlanta, kwa akiba ya familia. Mwaka 2001 kampuni ikanunuliwa na Disney, na Januari 2007 Rais Bush akamsifu mama huyo mbele ya Bunge la Marekani katika hotuba yake ya mwaka. Gavana wa hapa wa wakati huo, Zell Miller, alikuwa ameshaonyesha njia: mwaka 1998 aliomba dola 105,000 katika bajeti ya jimbo ili kila mtoto anayezaliwa Georgia apewe muziki wa klasiki wa kusikiliza nyumbani. Serikali nzima, wifi! Sasa mzazi wa kawaida atabishaje?

Lakini fuata uzi mpaka mwanzo wake uone ulivyo mwembamba. Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Irvine waliandika katika jarida la Nature kwamba wanafunzi 36 walisikiliza sonata ya Mozart ya piano mbili kwa dakika 10, kisha wakafanya vizuri zaidi kwenye majaribio ya kukisia maumbo, kama vile karatasi iliyokunjwa na kukatwa itaonekanaje ikikunjuliwa. Manufaa yalidumu robo saa hivi, yakaisha. Wanafunzi hao walikuwa wa chuo kikuu, watu wazima wenye ndevu zao. Kichanga hakikuwemo hata kimoja. Kutoka hapo mpaka kwenye nepi, ni wafanyabiashara na wanasiasa waliovusha.

Tena sikiliza hili, utalipenda. Mwaka 1999 watafiti wa Kanada walirudia jaribio kwa namna yao: kundi moja Mozart, jingine likasikilizishwa hadithi. Waliopenda hadithi walifanya vizuri zaidi baada ya hadithi, na waliopenda Mozart baada ya Mozart. Yaani ni uchangamfu tu wa mtu aliyefurahi. Kwa hiyo Black Star na Lucky Star tulizokuwa tukizisikia redioni pale nyumbani nazo zingetosha, ila hakuna aliyewaambia mama zetu kwamba taarabu ya Tanga inaongeza akili, wakalipia kopi kwa dola.

Mambo ya biashara ile yalianza kuharibika Agosti 2007. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington walikuwa wamewapigia simu wazazi zaidi ya 1,000. Kwa watoto wa miezi 8 hadi 16, kila saa moja ya video za vichanga kwa siku ilikwenda pamoja na upungufu wa maneno 6 hadi 8 kati ya yale waliyoulizwa. Disney ilikasirika, ikataka chuo kifute taarifa yake kwa vyombo vya habari, chuo kikakataa. Nitende haki: kwenda pamoja si kusababisha, na wengine waliozichambua upya takwimu hizo mwaka 2014 hawakuona ubaya mkubwa kiasi hicho. Lakini mwaka 2009 Disney yenyewe ilikubali kuwarudishia wateja dola 15.99 kwa DVD, mwisho nne kila nyumba.

Kilichonishika mimi hasa ni utafiti mwingine, wa mwaka 2010. Watoto wa kati ya mwaka mmoja na mwaka na nusu walionyeshwa DVD ya kufundisha maneno kwa wiki nne. Hawakujua maneno mengi kuliko wasioiona kabisa. Waliojifunza zaidi ni wale ambao wazazi wao waliambiwa wawafundishe maneno hayohayo wenyewe, bila video, katika shughuli zao za kila siku. Halafu ikaonekana kwamba mzazi aliyeipenda zaidi video ndiye aliyedhani zaidi kwamba mwanawe amefaidika nayo. Mzazi anaipenda kwa kuwa imempumzisha, kisha anaiita mwalimu.

Huyo ni mimi. Neno la kwanza la mwanangu lilikuwa "nyau." Niliwatangazia wote kazini kwamba kafundishwa na video, si kulikuwa na mwanasesere wa paka humo? Mume wangu akaniuliza taratibu: video hiyo ya Kimarekani imejulia wapi "nyau"? Ndipo nikakumbuka. Kila Jumapili Mama akipiga simu ya video, yule paka wa barazani hupita nyuma ya kiti chake, naye Mama humsahau mjukuu na kugeuka: nyau, nyau, njoo! Mtoto akicheka, Mama anarudia. Mtoto akitoa sauti, Mama anamjibu.

Kumbe madaktari wa watoto wa Marekani nao wamelifikia hilo. Mwongozo wao wa mwaka 2016 ulisema mtoto wa chini ya miezi 18 asiwekwe mbele ya skrini, isipokuwa simu ya video na watu wake. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019, likasema wa chini ya mwaka mmoja asitazamishwe skrini kabisa.

Wazazi wa huku hawajakubaliana hata hivyo. Yule mama wa Bukavu ananiambia video ndiyo yaya wake, tena yaya asiyedai mshahara wala kuchelewa kwa mvua, na wataalamu waje wamwoshee vyombo kwanza. Simlaumu. Baba mmoja ninayekutana naye maktaba anasema bintiye amependa Beethoven kwa sababu ya video hizo, na hilo nalo ni jema, muziki mzuri haujamdhuru mtu. Mimi ningetaka tu lile boksi liandikwe kazi yake halisi: dakika 25 za mama.

Wewe, wifi, dakika hizo unazo bila kununua. Una mama mkwe, una dada wa nyumba ya pili, una mbeleko, una watoto wa uani wanaopokezana kichanga hadi kinachoka chenyewe. Kishikwambi sitatuma. Pesa yake nitaituma kabla hujajifungua, ikufae ya uzazi, na bando la Jumapili nitalilipia mimi, maana mdogo wa huyu wa nyau sasa ana miezi minane na hajasema neno.

Majira ya joto, saa tatu asubuhi ya huku ni saa kumi jioni ya huko. Mama, kaa barazani palepale, na paka asifukuzwe.