Funguo za shule haziingii chumbani

Mwezi huu nazungumza na wewe mwalimu kijana ambaye mkuu wa shule amekuita ofisini, akakusifia kwamba "wewe si unajua kompyuta," halafu akakukabidhi darasa la mtandaoni la shule nzima. Nyongeza ya mshahara hakuna. Barua ya uteuzi nayo labda itakuja, labda haitakuja. Umetoka pale na karatasi yenye neno la siri, na jioni umemsimulia mwenzi wako kwamba siku hizi msimamizi wa mtandao ni wewe. Hongera! Sasa kaa kitako tuongee, na mwenzi wako asogee pia, maana kazi hii itafika mpaka sebuleni kwenu.

Tuchukue mfano wa Moodle, programu inayotumiwa na shule na vyuo vingi duniani. Aliyeianzisha ni Martin Dougiamas wa Perth, Australia, na toleo la 1.0 lilitoka Agosti 2002. Ni ya bure kabisa. Ila bure hiyo isimlevye bosi wako: seva inalipiwa, jina la tovuti linalipiwa, na muda wako nao una bei. Mwambie mapema, tena kwa maandishi.

Siku ya kwanza usikimbilie kupamba ukurasa kwa nembo ya shule. Anza na akaunti. Ile uliyokabidhiwa inafungua kila mlango: alama, majina, kazi za wanafunzi, kila kitu. Usiitumie kufundishia. Jifungulie akaunti nyingine ya ualimu, hiyo ndiyo uingie nayo kila siku. Ile kubwa ifungue pale tu penye kazi ya usimamizi, ukimaliza toka. Ukiiacha wazi kwenye kompyuta ya ofisi ya walimu ukaenda kunywa chai, basi umeacha shule nzima mezani.

Pia usigawe usimamizi kama pipi. Watakuja walimu wakubwa kwako, wengine wamekufundisha, wakitaka nao "wawekwe juu". Waelekeze kwa heshima. Moodle ina ngazi zake: meneja, mtengeneza kozi, mwalimu, mwalimu asiye na ruhusa ya kubadili kozi, na mwanafunzi. Ngazi inaweza kutolewa kwa kozi moja tu, hivyo mwalimu wa Kemia kidato cha pili anaweza kabisa kuwa mwanafunzi kwenye kozi ya walimu ya kompyuta. Hajashushwa cheo! Mpe kila mtu kinachomtosha kufanya kazi yake, basi.

Kuingiza wanafunzi ndiko kunakokula usiku wa watu. Usiandike mmoja mmoja. Tengeneza jedwali, lihifadhi kama faili la CSV, kisha lipandishe wote waingie kwa mpigo. Kwa jina la kuingilia tumia namba ya usajili, kwa sababu Mohamed huandikwa Muhammad na Mohammed, na kila mmoja atakuambia lake ndilo sahihi. Na kuna mtego hapa: Moodle kwa mpangilio wake wa kawaida hairuhusu akaunti mbili zenye barua pepe moja, wakati kwetu ndugu watatu wanaweza kutegemea barua pepe ya mama. Mpangilio huo unaweza kubadilishwa. Amueni na uongozi kabla ya kupandisha jedwali, si baada. Jaribu kwanza na wanafunzi wawili wa kubuni.

Haya, tuje kwenye lile linalowagusa ninyi wawili.

Msimamizi ana uwezo wa kuingia kwenye akaunti ya mtu mwingine kana kwamba ni yeye. Umewekwa kwa nia njema, mwanafunzi akisema "mwalimu mtihani haufunguki" uone anachokiona. Sasa subiri wifi yako ajue. "Hebu niangalizie alama za yule mtoto wa jirani." Mumeo naye, kwa utani, "Yule mwalimu mpya anaandikiana na nani usiku?" Hapo ndipo penye mtihani wako halisi, mpenzi.

Wapo wanaosema wapendanao hawafichani kitu. Mimi sikubaliani hata kidogo. Siri zako mpe zote ukitaka, lakini alama za mtoto wa mtu si siri zako, umetunziwa tu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Isitoshe, mtambo wenyewe hausahau: ukiingia kama mtu mwingine, kumbukumbu zinaandika kwamba ulikuwa wewe. Alama ikibadilishwa, historia ya alama inaonyesha nani kabadili na lini. Kwa hiyo hata bosi akikunong'oneza "mwongezee kidogo mtoto wa mheshimiwa," unalo jibu la adabu: mzee, hii inaandika jina langu.

Mwenzi anayekupenda ataelewa. Akinuna, mnunulie chipsi, lakini neno la siri usimpe.

Halafu simu za usiku. Mwanafunzi akisahau neno la siri na hana barua pepe, atakutafuta wewe saa nne usiku, mwenzi wako akiuliza ni nani huyo. Dawa yake ni kumpa mtu wa pili ngazi ya meneja, aweze kubadilisha maneno ya siri, na kutangaza saa za huduma. Walimu wa madarasa wakusanye majina ya waliosahau, yaletwe kwa pamoja asubuhi. Hakikisha pia kroni imewashwa, yaani ile kazi ya nyuma ya pazia inayotakiwa kujiendesha kila dakika. Ikilala, barua pepe nyingi za mfumo haziendi, na lawama zote zinakuja kwako.

Nakala ya akiba usiiweke kwenye seva ileile. Seva ikifa zinakufa zote mbili. Chukua hifadhidata pamoja na folda ya mafaili, vihifadhi kwingine, na mara moja kwa muhula jaribu kuvirudisha uone kama kweli vinafunguka.

La mwisho, andika jinsi ya kuingia, seva inalipiwa wapi na lini, tia kwenye bahasha, isaini, ikae kwenye kabati la chuma la mkuu wa shule. Yule meneja wa pili ajue ipo. Mkifunga ndoa Desemba mkaenda fungate Zanzibar, simu ya shule ibaki Dar.